JAMAA YAKO UINGEREZA AMEKATWA PESA NYINGI ZA UMEME: AFANYE NINI?



Baadhi ya familia hapa zina mtu Uingereza. Wako waliochukuliwa na mpango wa Gateway, ulioanza mwaka 2004 na kufungwa mwaka 2020, na ambao ulipokea Wakongomani pamoja na wakimbizi wa mataifa mengine. Wako pia waliokwenda baadaye kwa njia nyingine. Inatokea mtu huyo anapiga simu na kusema kwamba mwezi huu hana cha kutuma, kwa sababu kampuni ya umeme imechukua pesa yote benki. Huku kambini wazee husema, "Huyo ameanza kutusahau." Mara nyingi kijana anasema kweli. Lakini ni kweli pia kwamba kampuni huweza kukosea hesabu, na asiyeuliza hulipa tu.

Kwanza fahamuni jinsi malipo yanavyofanyika. Aliyewahi kununua tokeni za LUKU Kasulu, Cash Power Bujumbura au Yaka Kampala amezoea kulipa kwanza, kisha kuwasha taa. Uingereza mita za namna hiyo zipo, lakini nyumba nyingi hulipa kwa makato yanayoitwa dairekti debiti. Mwenye nyumba huipa kampuni ruhusa ya kuchukua pesa katika akaunti yake ya benki kila mwezi. Kiasi hicho kampuni yenyewe ndiyo hukipanga, na inaweza kukibadili. Hapo ndipo mgeni hushtuka. Anadhani alikubali pauni 90, kumbe alikubali kukatwa.

Makato ya mwezi si bei ya umeme wa mwezi huo. Kampuni hukadiria nyumba itatumia kiasi gani mwaka mzima, umeme na gesi ya kupashia nyumba joto, kisha hugawa kwa miezi 12. Wakati wa joto mtu hulipa zaidi ya anachotumia, na ziada inawekwa katika hesabu yake. Wakati wa baridi, Desemba hadi Februari, hutumia kuliko anacholipa na ziada ile huliwa. Kwa hiyo kuwa na akiba mwezi wa Septemba si ajabu, na kuwa na deni dogo mwezi wa Machi si wizi.

Tuchukue hesabu ya mfano ya nyumba inayotumia umeme peke yake. Familia ilikuwa inakatwa pauni 90. Barua inakuja: kuanzia mwezi ujao, pauni 165. Kampuni inasema matumizi ya mwaka yatakuwa pauni 1,500, yaani 125 kwa mwezi. Inasema pia kuna deni la pauni 480, ambalo likigawiwa miezi 12 ni 40. Jumla 165. Hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini baba wa nyumba akienda kusoma mita, anakuta kampuni imemwandikia yuniti 1,440 zaidi ya zile zilizopita kwenye mita. Kwa senti 25 za pauni kila yuniti, hizo ni pauni 360 ambazo hakuzitumia. Deni lake la kweli ni 120, yaani 10 kwa mwezi. Na kwa kuwa makadirio ya mwaka yalijengwa juu ya yuniti hizo za uongo, nayo yanashuka, tuseme hadi 1,320, yaani 110 kwa mwezi. Makato ya haki ni pauni 120.

Waliokaa Bukavu au Lubumbashi wanaijua fakture ya SNEL inayoletwa kwenye nyumba isiyo na mita. Hii ni tofauti: mita ipo, ila hakuna aliyeisoma. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu yeyote, jamaa yako aisome mita, aipige picha, aandike tarehe, na aipelekee kampuni namba hizo. Halafu aangalie bili: kama imeandikwa kwamba namba ni za kukadiria, shaka ianzie hapo. Hata mwenye mita ya kisasa inayojituma yenyewe aangalie, maana nyingine huacha kutuma.

Yapo maongezeko ambayo ni ya kweli, na ni vizuri kuyajua ili mtu asipoteze nguvu. Mkataba wa bei maalumu ukiisha, bei hubadilika. Familia ikiongezeka, maji ya moto nayo yanaongezeka. Na bei yenyewe inaweza kupanda. Mwezi wa Aprili 2022 kikomo cha bei kinachowekwa na Ofgem, chombo cha serikali kinachosimamia kampuni hizo, kilipanda kwa asilimia 54. Wengi hulielewa vibaya neno kikomo. Si kikomo cha bili. Ni kikomo cha bei ya kila yuniti na cha ada ya kila siku. Ukitumia sana, utalipa sana.

Hata hivyo mwaka huohuo kampuni nyingine zilipitiliza. Ofgem ilipokagua iliona kwamba kati ya Februari na Aprili 2022 makato ya wateja zaidi ya 500,000 yalikuwa yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 100, ikaziagiza kampuni zikague upya hesabu za watu hao. Kanuni ni hii: makato lazima yatokane na habari bora na za karibuni zaidi alizonazo muuzaji, na lazima amweleze mteja kwa maneno ya wazi amefikaje kwenye kiasi hicho. Hii ni haki, si hisani. Na kama hesabu ina akiba, mteja anaweza kuomba arudishiwe. Kampuni ikikataa, itoe sababu.

Kwa upande wa benki ipo dhamana ya dairekti debiti. Mteja apewe taarifa kabla ya kiasi kubadilishwa, kwa kawaida siku 10 za kazi. Kampuni ikikata kimakosa, benki humrudishia pesa yote mara moja. Anaweza pia kufuta makato wakati wowote. Lakini hapa tunawasihi ndugu: kufuta kwa hasira hakufuti deni. Bili inaendelea, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi kwa sababu wanaolipa kwa dairekti debiti hupata nafuu, na mwisho wake huweza kuwa kuwekewa mita ya kulipia kwanza.

Njia nzuri ni kupiga simu au kuandika kwa kampuni, na kusema waziwazi kwamba haya ni malalamiko. Aulize: mmekadiria yuniti ngapi kwa mwaka? Kwa mita ipi, ya tarehe gani? Deni ni kiasi gani na mmeligawa kwa miezi mingapi? Aandike jina la aliyejibu, tarehe na namba ya malalamiko. Kama hesabu ni sahihi lakini hawezi kulipa, aseme hivyo. Kampuni inatakiwa kufikiria uwezo wake inapopanga malipo ya deni. Asiyejua Kiingereza vizuri aombe kuandikishwa katika daftari la Priority Services, ambalo ni la bure.

Majuma 8 yakipita bila kupatana, au kampuni ikiandika kwamba haina la kuongeza, shauri hupelekwa kwa Energy Ombudsman, mwamuzi asiye upande wa kampuni. Mteja halipi kitu, na akikubali uamuzi, kampuni imefungwa nao. Ushauri wa bure unapatikana katika ofisi za Citizens Advice. Tena, kampuni iliyochelewa kutoa bili sahihi haiwezi kudai umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 nyuma, isipokuwa mteja mwenyewe ndiye aliyezuia. Ireland ya Kaskazini ina msimamizi wake na taratibu zake.

Jamaa yako akikutumia picha ya barua kama hiyo kwenye simu ili usaidie kuisoma, mwambie kwanza afunike namba ya akaunti ya benki.