Pedali ya Breki Inapozama

Pedali ya breki ya gari kuukuu hulegea kwa namna tatu, na kila namna huelekeza mahali tofauti penye hitilafu. Kuna pedali inayonepa kama godoro: mguu unaikanyaga, inarudisha nguvu kidogo, lakini haifiki mahali ikagota. Kuna inayoshika vizuri mwanzoni, kisha inazama polepole ilhali mguu umetulia. Na kuna inayokwenda chini mno kabla ya kushika, lakini ikipampiwa mara mbili tatu hupanda na kuwa ngumu. Mafundi wengi hukimbilia kutoa upepo kwa zote tatu, ndiyo sababu gari hilohilo huonekana tena gereji baada ya siku chache.

Upepo ndio chanzo cha ile ya kwanza. Mafuta ya breki hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu bila kupungua njiani. Hewa hubanwa, na kiputo kidogo tu kwenye paipu hula sehemu kubwa ya mwendo wa pedali. Lakini mfumo uliofungwa sawasawa hauingizi hewa wenyewe. Ikiwa imeingia, ama mafuta yalipungua hadi chini, ama kuna kiungo kilichofunguliwa, ama raba imechoka.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kwenye chombo cha mafuta. Kiwango kikishuka kidogo kwa muda mrefu, huenda pedi zimelika tu. Kikishuka haraka, mafuta yanavuja. Ukaguzi wa nje hupitia upande wa ndani wa kila taili, mipira inayoelekea magurudumuni, na silinda ndogo zilizomo ndani ya dramu, ambazo kifuniko chake cha vumbi kikiinuliwa huonyesha unyevu. Mahali panaposahaulika ni nyuma ya masta (silinda kuu ya breki), inapoungana na sevo (kifaa kinachouongezea mguu nguvu): mafuta yakivujia humo huishia ndani ya sevo, na chini ya gari hapaonekani hata tone.

Pedali inayozama polepole bila uvujaji wowote wa nje kwa kawaida ni kesi ya masta. Injini huzimwa, pedali hupampiwa hadi msaada wa sevo uishe, kisha hukanyagwa kwa nguvu ya wastani na kushikiliwa kwa dakika moja hivi. Ikiendelea kushuka, mafuta yanapita kando ya raba za ndani na kurudi yalikotoka. Hapo kutoa upepo hakusaidii chochote. Masta hubadilishwa raba, au hubadilishwa yote ikiwa ukuta wake wa ndani umeliwa na kutu. Jambo hili halifai kuahirishwa, hasa kwa magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ambayo mengi yana njia moja tu ya mafuta: ikifeli, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mpigo.

Pedali inayopanda kwa kupampiwa mara nyingi hudai marekebisho ya shuu. Shuu zikilika, pengo kati yake na dramu hupanuka. Kwenye Land Rover za zamani kuna boliti nyuma ya sahani ya breki: huzungushwa hadi gurudumu likwame, kisha hulegezwa mpaka lizunguke kwa uhuru. Beringi ya gurudumu iliyolegea huleta dalili kama hiyo kwenye breki za diski, kwa kuwa diski inayoyumba huzisukuma pedi nyuma.

Kutoa upepo kwenyewe hufanywa na watu wawili. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ingawa magari mengine yana utaratibu wake. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwingine hufungua nipeli yenye mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya mafuta, huifunga, ndipo pedali huachiwa. Kwa masta kuukuu, kipande cha ubao huwekwa chini ya pedali isifike mwisho, kwa sababu raba zikisukumwa kwenye sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kuifikia huchanika. Kalipa zikifungwa kulia kwa kushoto, nipeli hubaki chini na upepo hautoki kamwe.

Pedali iliyo nzuri asubuhi lakini inalegea kwenye mteremko mrefu, mathalani Kitonga, ina sababu nyingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140, na mvuke unaotokea hubanwa kama hewa. Dawa ni kubadilisha mafuta yote, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, bila kuchanganya na DOT 5 ya silikoni wala kumimina oili ya injini, ambayo huvimbisha raba zote za mfumo.