Siku Nyerere alipomwachia Kawawa serikali

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alijiuzulu, na wadhifa huo ukachukuliwa na Rashidi Kawawa. Ni nadra kiongozi kukiacha kiti alichokipigania kwa miaka, tena kikiwa bado kipya.

Nyerere hakwenda kupumzika. Alibaki kuwa kiongozi wa chama cha TANU, akazunguka nchini kukiimarisha na kuwaeleza wananchi kazi iliyowangoja.

Hapo ndipo kukasimu madaraka kunapotofautiana na kumtuma mtu kazi. Anayetumwa hurudi kuuliza kila hatua. Aliyekasimiwa huamua, naye hubeba lawama za uamuzi wake. Kawawa hakuwekwa kulinda kiti. Chini yake serikali iliharakisha kuwapa Waafrika vyeo vilivyoshikwa na Waingereza, na ikaandaa katiba ya jamhuri.

Imani hiyo haikuzuka siku moja. Kawawa alikwisha kupimwa katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha katika uwaziri. Kiongozi asiyewalea wasaidizi wake hukosa wa kumwachia.

Hatari ilikuwapo, kwani waziri mkuu aliye chini ya mkuu wa chama angeweza kuonekana kivuli tu. Hata hivyo, mpango huo ulidumu hadi tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri: Nyerere akawa Rais, na Kawawa Makamu wake.