Masisi: Majani yanayowekwa shimoni hubadilisha mafuta ya maziwa

Mwezi wa saba, kwenye vilima vya Masisi katika Kivu Kaskazini, malisho hukauka na maziwa hupungua. Kwa wanaotengeneza lile jibini la duara linalouzwa Goma, pengo hilo linaonekana haraka: kilo moja ya jibini inakula karibu lita 10 za maziwa.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni ensilaji, yaani majani yanayokatwa wakati wa mvua, kushindiliwa ndani ya shimo na kufunikwa kwa plastiki hewa isiingie. Wafugaji huuliza kwanza ng'ombe atatoa lita ngapi. Mwenye jibini angefaa kuuliza pia mafuta ya maziwa hayo yatakuwa ya namna gani.

Mafuta hayo huanzia tumboni. Nyuzinyuzi za majani zikichachuka ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe hutoa asidi ya asetiki, na kiwele huitumia kutengeneza mafuta. Majani yenyewe yana mafuta machache, mengi yakiwa omega 3, lakini bakteria wa tumboni huyageuza karibu yote kuwa mafuta magumu kabla hayajafika kwenye maziwa.

Aina ya mmea inaweza kupunguza hasara hiyo. Mwaka 2003, watafiti wa Aberystwyth, Wales, walichapisha ulinganisho wa ensilaji ya nyasi na ile ya mimea jamii ya kunde, ikiwemo trefle nyekundu. Ng'ombe waliopewa trefle walikula zaidi, wakatoa maziwa zaidi, na omega 3 ikapanda. Trefle nyekundu ina kimeng'enya kinachoamka jani likipondwa, nacho huchelewesha kuvunjwa kwa mafuta yake. Mahindi yanavuta upande mwingine: yanatia nguvu, ila mafuta yake mengi ni omega 6.

Trefle peke yake nayo si suluhisho. Ikizidi, kiwango cha mafuta katika kila lita mara nyingi hushuka kidogo, na siagi inakuwa laini. Ndiyo maana inachanganywa na nyasi.

Kivu ina matete, setaria, desmodium na calliandra. Matokeo ya Wales hayawezi kubandikwa tu juu ya desmodium, mmea wenye tanini na tabia zake. Faida yake ya hakika ni protini, ambayo matete yaliyokomaa hayana ya kutosha.

Hatari kubwa kwa mwenye jibini iko kwingine. Mimea jamii ya kunde ina sukari chache, kwa hiyo ikifukiwa peke yake, tena mibichi mno, inachelewa kuchachuka vizuri. Bakteria wabaya wanapata nafasi, mbegu zao zinapita kwenye kinyesi, zinashika chuchu za ng'ombe na kuingia ndoo ya maziwa. Kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Wiki kadhaa baadaye jibini linavimba na kupasuka likiwa kwenye rafu, na jibini la aina ya gouda, kama lile la Masisi, ndilo linaloumia zaidi.

Kipimo kinachofaa kuanzia ni sehemu 3 za matete au mahindi kwa sehemu 1 ya desmodium, vilivyonyaushwa saa chache juani na kukatwa vipande vya sentimita 2 au 3. Shimo lijazwe na kufungwa haraka, kisha lingoje wiki 4 hadi 6. Ni kazi ngumu, na kwa mfugaji ambaye amewahi kukimbia vita inauma zaidi: ng'ombe anaweza kuswagwa, shimo linabaki.

Siku ya kulifungua, pua inatosha kuanza. Ensilaji nzuri inanukia uchachu, rangi yake kijani cha kahawia. Ikinuka siagi iliyooza, isipewe ng'ombe ambao maziwa yao yanaenda kwenye jibini.