Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tukope



Katika bweni letu hapa Kifungilo, mazungumzo ya usiku siku hizi ni ya jambo moja tu: baada ya mtihani wa mwisho, twende wapi? Katika wasichana kumi na sita wa chumba chetu, tisa wanataka kozi za afya. Mmoja ataka maabara, mwingine dawa, mwingine uuguzi. Ni jambo jema, maana wagonjwa hawaishi. Lakini sijasikia hata mmoja akiuliza: nitakopa kiasi gani, na nitalipa kwa mshahara upi? Swali hilo ndilo nataka kulieleza, kwa kuwa nyumbani kwetu limetuumiza.

Dada yangu alipomaliza Kidato cha IV alikwenda chuo kimoja cha mbali kusoma Astashahada ya maabara. Karatasi ya chuo ilisema ada ni Sh. 1,300,000/- kwa mwaka. Baba alidhani hiyo ndiyo hesabu yote. Kumbe bado kulikuwa na sare, koti jeupe, chumba, chakula, ada ya mitihani, na nauli ya kwenda mazoezini hospitalini. Baba akauza ng'ombe, kisha akakopa Sh. 1,000,000/- katika kikundi cha kukopeshana, kwa riba ya Sh. 100,000/- kila miezi mitatu. Kwa miaka miwili aliweza kulipa riba tu. Sh. 100,000/- mara nane ni Sh. 800,000/-, na ile milioni ilikuwa bado nzima. Wahenga walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Dada alifaulu vizuri. Alikaa mwaka na nusu bila kazi, kisha akaajiriwa katika zahanati ya mtu binafsi kwa Sh. 250,000/- kwa mwezi. Akiisha kulipa chumba, chakula na nauli, alibaki na Sh. 60,000/-, akazileta zote kwa baba. Katika hizo, Sh. 33,000/- na ushei zilikwenda kwenye riba. Za kupunguza deni hazikufika Sh. 27,000/-. Kwa mwendo huo, milioni moja yataka zaidi ya miaka mitatu.

Je, dada alikosea kusoma? Hasha. Kosa letu ni kwamba hatukuhesabu.

Sasa nitaeleza mambo niliyojifunza baadaye. Kwanza, kozi hizi zina ngazi tatu, nazo zasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Ngazi ya 4 ni Astashahada ya Awali, ya 5 ni Astashahada, na ya 6 ni Stashahada. Kila ngazi huchukua kama mwaka mmoja. Yafaa kujua hayo mapema, kwa sababu mshahara hufuata ngazi. Katika matangazo ya ajira za serikali, muuguzi mwenye Astashahada huwekwa katika ngazi ya mshahara iitwayo TGHS A, na mwenye Stashahada huwekwa TGHS B. Basi anayeacha masomo mwaka mmoja kabla ya Stashahada kwa kukosa ada hupoteza tofauti hiyo kila mwezi, mpaka atakaporudi darasani.

Pili, madeni si mamoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa miaka mingi iliwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2023 ilianza kukopesha na wanafunzi wa Stashahada, lakini katika kozi za kipaumbele tu. Upande wa afya, katika orodha ya kwanza zilikuwamo fiziotherapia, utabibu wa meno, upigaji picha za eksirei, upimaji wa macho, na utengenezaji wa viungo bandia. Kazi hiyo ya viungo bandia hufundishwa hapo jirani, Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 kwenye hospitali ya KCMC. Wangapi kati yetu wamepata kuisikia?

Deni la kikundi huanza kudai riba mwanafunzi akiwa bado darasani. Deni la Bodi humngoja amalize masomo, kisha akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tena mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka.

Tufanye hesabu. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni Sh. 500,000/-. Nachukua kima hicho ili tusijidanganye. Pensheni ni Sh. 25,000/-, bima ya afya Sh. 15,000/-, kodi Sh. 16,400/-, na Bodi Sh. 75,000/-. Zabaki Sh. 368,600/-. Aliyekopa Sh. 3,600,000/- atamaliza kwa miezi 48, yaani miaka minne. Ni mzigo, lakini wabebeka. Tatizo ni kuipata hiyo ajira, maana wanaoomba ni wengi na nafasi hazitoki kila siku.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu, na wazazi wetu pia, wasitoe hata senti kabla ya kupata majibu manne. Je, chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET? Gharama yote, siyo ada peke yake, ni kiasi gani mpaka mwisho wa Stashahada? Deni litaanza kulipwa lini, na kwa riba gani? Na waliomaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Swali la mwisho msimwulize mwenye chuo. Waulizeni wenyewe waliomaliza.

Mimi nataka kusoma fiziotherapia. Likizo iliyopita baba aliniambia yu tayari kuuza kile kishamba cha bondeni anapolima kabichi na karoti, ili nisikose nafasi. Nilishindwa kumjibu, maana kishamba hicho ndicho kinachotulisha na ndicho kinacholipa deni la dada. Juma lililopita nilimwandikia barua, nikamwomba kwa heshima asiuze kwanza. Tungoje matokeo, tusome mwongozo wa Bodi wa mwaka huo, ndipo tukae pamoja na dada na karatasi ya hesabu mezani.

Jibu lake halijafika. Natumaini atanielewa.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV