Nani aliyeleta kifua ndani ya nyumba?

Rusayl, pembezoni mwa jiji la Maskati, wengi huijua kwa viwanda vyake. Eneo hilo la viwanda, la mwanzo kabisa nchini Oman, lilianzishwa mwaka 1983. Lakini katika vitongoji vya jirani zipo pia nyumba ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni na ya kubembelezea watoto. Katika nyumba mojawapo, msimu wa baridi, tulimkuta bibi amempakata mjukuu wa miezi mitatu, kifua kinamkoroma.

"Huyu hajatoka nje tangu azaliwe," alituambia. "Sasa kifua kakipata wapi? Kama si baridi, basi ni jicho la mtu."

Swali la bibi yule si la kupuuzwa. Watafiti wamelifanyia kazi, na jibu moja kubwa limetoka Kilifi, Pwani ya Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, inaendesha kituo cha utafiti pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza tangu mwaka 1989.

Huko Profesa James Nokes na wenzake wamefuatilia kwa miaka mingi virusi viitwavyo RSV. Kwa watu wazima wengi, virusi hivi huleta mafua ya kawaida tu. Kwa mtoto mchanga huweza kushuka hadi kwenye mapafu na kumbana pumzi. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano walifariki dunia kutokana na RSV, karibu wote katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Kuanzia Desemba 2009 hadi Juni 2010, timu hiyo, akiwemo mtafiti Patrick Munywoki, ilizifuata kaya 47 zenye watu 493. Kila kaya ilikuwa na mtoto mchanga na mkubwa wake mmoja au zaidi. Mara mbili kwa wiki watu wote walichukuliwa vipimo puani, wawe wazima au wagonjwa. Vilikusanywa vipimo zaidi ya 16,000.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuwa haya: zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa walipata virusi humo humo nyumbani. Na mara nyingi aliyevitangulia kuvileta alikuwa kaka au dada, hasa yule anayekwenda skuli. Tena, watu wengi walikutwa na virusi bila ya kuugua hata chafya.

Kwa hiyo mtoto asiyetoka nje huletewa ugonjwa na wanaotoka. Baridi yenyewe haina virusi; hutukusanya tu ndani, milango imefungwa, pumzi zikachanganyika. Homa ya mafua, influenza, nayo huenea kwa njia hiyo hiyo, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka.

Utafiti wa namna hii uliwafundisha wataalamu wamkinge mtoto kabla hajafikiwa. Leo ipo chanjo anayochomwa mama katika miezi ya mwisho ya mimba, ili mtoto azaliwe na kinga. Mwaka 2025 WHO ilizishauri nchi zote ziwakinge watoto wachanga dhidi ya RSV, kwa chanjo hiyo au kwa sindano ya kinga anayopewa mtoto mwenyewe.

Hapa ndipo penye deni. Familia za Kilifi zilikubali kuchokonolewa pua mara mbili kwa wiki, na elimu iliyopatikana imeufaidisha ulimwengu mzima. Itakuwa aibu kinga ikiwa ya kawaida kwa matajiri, na mama wa Kilifi akabaki kuisikia redioni.

Tukiwa bado tunazungumza, mjukuu mkubwa aliingia, mkoba wa skuli mgongoni, akainama kumbusu mdogo wake. Bibi alimzuia kwa mkono.

"Kumbe mwizi wangu ni huyu?"

"Hana kosa, bibi," tulimjibu. "Anawe mikono kwanza, na akiwa na mafua amchekee kwa mbali. Na mdogo wake akihema mbio, mbavu zikabonyea, au akikataa ziwa, usingoje asubuhi. Hospitali."