Kuchagua Kahawia ya Ukutani

Kahawia yenye joto ni ile inayoegemea wekundu au umanjano, kama chungu kilichochomwa au chai ya maziwa. Ikiegemea kijivu, hupoa.

Katika nyumba za Kiswahili za Likoni na Kisauni, vyumba hupangwa pande mbili za ukumbi mrefu, na mwanga wa ukumbi huingilia mlango wa mbele na uani. Humo kahawia nzito hula mwanga, mchana ukafanana na magharibi. Afadhali nyepesi, nzito ibakie vyumbani, kwenye ukuta mmoja unaotazamana na dirisha.

Rangi ya kadi ya sampuli si ya kuaminiwa. Rangi ya maji ikikauka hukolea, kwa hiyo hupakwa kwanza kiraka cha futi mbili, kwa mikono miwili ya rangi, kikatazamwa asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Balbu nyeupe hufifisha wekundu. Ya manjano huuamsha. Kiraka kiwe karibu na mlango: mbao za mlango, kama mvule, zina kahawia yake, na mbili zikigombana chumba hakitulii.

Ukuta unaotoa chumvi hubabua rangi, na juu ya kahawia weupe wa chumvi hiyo huonekana toka mlangoni. Ukuta ukwanguliwe, ukauke kabisa, ndipo upakwe praima.