Kamba Yako Imefungwa Wapi?

Mvuvi wa Ziwa Victoria anajua kazi ya nanga. Mtumbwi wake unaweza kuwa na kamba mpya na imara. Lakini nanga isiposhika chini, upepo utauchukua mtumbwi pamoja na kamba yake. Mpanda miti naye ana nanga yake. Nanga hiyo ni mahali alipofunga kamba inayomshika. Mahali hapo pakiachia, kamba nzuri haimsaidii kitu.

Mto Mirongo unapita katikati ya mji wa Mwanza na kuingia ziwani. Katika mitaa ya Mirongo nyumba zimekaribiana. Tawi zito la mwembe likilalia juu ya bati, mwenye nyumba hutaka likatwe kabla ya mvua na upepo. Mti hauwezi kuangushwa mzima, utaponda nyumba za jirani. Lazima mtu apande. Je, atashuka salama?

Chagua mahali pa kufunga

Kwanza zunguka mti ukiwa chini. Tafuta ufa, tundu, uyoga na matawi makavu. Uyoga kwenye shina ni dalili kwamba mti unaoza ndani. Mti huo usiupande. Mpapai usiupande kabisa. Shina lake ni laini na lina uwazi ndani. Mparachichi uogope pia, kwa maana matawi yake huvunjika upesi. Ukiona waya wa umeme karibu na matawi, acha kazi. Waite TANESCO.

Kamba ipite kwenye panda ya tawi bichi, karibu kabisa na shina. Tawi hilo lisiwe jembamba kuliko paja la mtu mzima. Liwe juu ya kichwa chako. Usifunge kamba kwenye tawi unalotaka kulikata.

Njia mbili za kufunga

Njia ya kwanza: kamba inapita juu ya panda, na mwisho wake unafungwa chini kwenye shina. Ukiumia juu, msaidizi aliye chini anaweza kuilegeza polepole na kukushusha. Kwa hiyo aache kamba ya kutosha kukufikisha chini. Lakini fanya hesabu. Wewe una kilo 70. Upande wako wa kamba unavuta kilo 70. Upande uliofungwa chini nao unavuta karibu kilo 70. Tawi linabeba karibu kilo 140!

Njia ya pili: kamba inafungwa juu kabisa, kulizunguka shina lenyewe. Hapo mti unabeba uzito wako tu. Ubaya wake ni kwamba aliye chini hawezi kukushusha.

Ukitumia njia ya kwanza, jaribu kamba kabla ya kupanda. Watu wawili waning'inie kwenye upande wa mpandaji, miguu ikiwa juu kidogo ya ardhi. Tawi likilia au likitikisika vibaya, tafuta tawi jingine.

Fundo na kamba

Mfugaji hamfungi ng'ombe shingoni kwa kitanzi kinachojikaza. Kitamnyonga. Nawe usijifunge kitanzi cha namna hiyo. Tena usining'inie kwa kamba ya kiunoni peke yake. Itakubana mbavu na kukuzuia kupumua. Vaa mkanda wa usalama unaoshika kiuno na mapaja. Ukiajiriwa kwa kazi hii, dai mkanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Pitisha kamba yote mkononi kabla ya kazi. Katani huoza kwa unyevu. Nailoni huharibiwa na jua, na fundo lake huteleza. Kwa hiyo acha mkia mrefu wa kamba baada ya fundo. Kamba iliyochanika itumie kufungia kuni, usiikabidhi maisha yako.

Ukiwa juu

Kamba isilegee. Ikilegea, utaanguka kwanza kabla haijakushika, na mshtuko huo unaweza kuvunja tawi. Wakati wa kukata, jifunge kwenye shina kwa kamba fupi ya pili. Ukitaka kuhama, funga moja kwanza ndipo ufungue nyingine. Tumia msumeno badala ya panga, kwa maana kamba iliyokazwa hukatika kwa pigo moja. Msaidizi asisimame chini ya tawi linalokatwa, na watoto wakae mbali.

Kufunga kamba vizuri kunachukua muda. Lakini mguu uliovunjika unachukua msimu mzima wa kulima.

Maswali

1. Mtu wa kilo 60 ametumia njia ya kwanza. Tawi linabeba karibu kilo ngapi?
2. Kwa nini kamba haitakiwi kulegea?
3. Katika kijiji chenu, ni miti gani isiyofaa kupandwa? Elezeni sababu.